Vyura Wenye Mkia

Jumatatu, 3 Machi

Binti yangu ameingia na viatu vya matope hadi sebuleni. Nikamwambia avue. Akavua kimoja, akasahau cha pili, akaanza kuzungumza. Ndivyo alivyo tangu utotoni – sentensi mbili kwa wakati mmoja, na hakuna inayofika mwisho.

Habari yenyewe ni mbaya. Bwawa la machimbo ya zamani, hapa nyuma ya mtaa, limeingiliwa na mnyama wa kigeni. Anaitwa salamanda. Umbo la mjusi, ngozi laini na yenye unyevu kama ya chura. Kwao ni nchi za baridi. Huku aliletwa kuuzwa pamoja na samaki wa mapambo, na sasa yumo bwawani, anazaa. Maji ya pale hutoka chini ya mwamba, ni baridi mwaka mzima. Amefika kwake!

Anakula mayai ya vyura. Anakula na viluwiluwi, yaani wale watoto wa vyura wasiokuwa na miguu bado.

"Na yeye haliwi, mama. Ngozi ina sumu. Korongo akimwonja mara moja, harudii."

Tena hubeba ugonjwa wa kuvu. Yeye haumsumbui. Chura akiupata, ngozi hushindwa kupumua, na chura hupumua kwa ngozi. Basi.

Chura wetu ni yule mdogo, anayelia kama kijiko kinachogonga glasi. Kumbe hapatikani penginepo duniani! Bwawa hili, kidimbwi kilicho juu ya mwamba, na kijito kinachoviunganisha. Nimemsikia kila magharibi tangu nihamie hapa, nikidhani yuko kila mahali, kama kunguru.

Binti yangu ndiye mtafiti aliyekabidhiwa jambo hili na kituo chao cha utafiti wa wanyama. Watu wa mtaa wataombwa wasaidie kuwatoa salamanda. Kwa hiyo ameandika tangazo, anataka nilisahihishe. Nimemwambia aliache mezani, avue na kiatu cha pili.

Alhamisi, 6 Machi

Tangazo, pamoja na kanuni ya kituo iliyokuja nalo, lilikuwa fujo tupu. Herufi kubwa zimetapakaa kama kuku waliofunguliwa. "Maji moja" badala ya "maji mamoja". Nukta hakuna. Nimetoa kalamu nyekundu ya enzi zangu za ualimu. Bado inaandika.

Tumegombana juu ya jina. Yeye aliandika "mijusi wa maji", kwa sababu ndivyo wanavyoitwa mtaani. Nikamuuliza: huyu ni mjusi? Akasema hapana, ni jamaa ya chura. Sasa tuandike uongo na kuubandika ukutani?

"Mama, watu wanamjua kwa jina hilo."

Watu wanajua mengi yasiyo sahihi. Na "salamanda" hakuna anayelielewa. Nikaandika: vyura wenye mkia. Fupi, kweli, na kila neno ni letu. Akaguna. Ana mguno wa marehemu baba yake – wa mtu aliyekosa hoja lakini hajakubali.

Mpiga chapa naye akaleta "wenye mikia". Nikamrudishia. Kila mmoja ana mkia mmoja! Fundi bomba, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, alikuwa chini ya sinki akifunga koki. Akacheka mpaka spana ikamponyoka. "Bibi Nukta! Mpaka mkia wa chura unausahihisha?" Nikamwambia afunge koki.

Limetoka hivi: Ukiwaona vyura wenye mkia, watoe majini. Watie kwenye ndoo kavu. Wapeleke kwa mwenyekiti wa mtaa. Wasirudishwe majini kwa hali yoyote.

Safi. Hakuna sentensi hata moja inayoweza kueleweka vibaya.

Wakati wa chai binti yangu amenieleza jinsi salamanda anavyotaga. Jike huchagua jani la majini, hulikunja juu ya yai kwa miguu ya nyuma, hulibana mpaka lishikane. Yai moja, jani moja. Kama mtu anayefunga bahasha. Nimekiri kwamba hiyo ni kazi ya mtu makini.

Jumamosi, 15 Machi

Mtaa mzima uko machimboni. Kelele zinafika hadi hapa. Wengine na chujio, wengine na vipande vya chandarua, wengine mikono mitupu. Binti yangu hayupo. Yuko kwenye mafunzo mji mwingine, atarudi Jumanne.

Mwenyekiti amepita na kipaza sauti akisoma tangazo. Amesoma vizuri. Penye nukta amepumua. Nilisimama dirishani kusikiliza maneno yangu yakipita barabarani, na sitaficha hapa – nilifurahi.

Fundi bomba amesimama langoni na ndoo iliyofunikwa kwa shati lake.

"Mwalimu, lazima ndoo iwe kavu?"

Imeandikwa.

"Wanahangaika lakini. Wanafumbua fumbua mdomo."

Nikamwambia imeandikwa. Akanitazama kidogo, akaenda zake tumbo wazi.

Jumapili, 16 Machi

Siwezi kuandika vizuri. Nitaandika hivyo hivyo.

Nilikwenda kwa mwenyekiti kuona. Nilichukua fimbo na miwani ya kusomea, kwa kuwa ile ya kutembelea haifai kitu tena. Jicho la kushoto lina mtoto wa jicho. Uani kuna pipa la plastiki, la buluu. Watu walikuwa bado wanamimina. Mwenyekiti akanipokea kwa mikono miwili, akasema kazi imefanyika, Mwalimu, mtaa huu una watu watiifu. Akafunua.

Weusi. Pipa zima. Wamekauka juu, chini bado kuna waliokuwa wakipinda pinda. Vichwa vya mviringo, hakuna mguu hata mmoja. Harufu ya tope na ya kitu kingine.

Nikamuuliza hawa ni nini.

"Si wale vyura wenye mkia? Kama ulivyoandika."

Viluwiluwi.

Ni vyura. Na wana mkia. Hakuna kosa lolote katika maneno yale, ndilo jambo ninaloshindwa kulimeza. Nimelichunguza njia nzima ya kurudi, neno kwa neno, nikitafuta mahali walipokosea kusoma. Hawakukosea. Walisoma kilichoandikwa.

Kulikuwa na mama mmoja mshonaji, mchangamfu, kanga mabegani imelowa. Nikamuuliza: na mijusi wa maji? Akapunga mkono. "Aa, hao tumewaacha, Bibi. Hawakutajwa. Mimi mmoja alinasa kwenye chujio langu, nikamtoa taratibu nikamrudisha. Sikutaka kumwonea bure."

Nilitaka kukaa chini. Hapakuwa na kiti.

Jumanne, 18 Machi

Amerudi. Alipitia bwawani kwanza. Akaja akaketi kwenye ngazi ya mlango, viatu vyote viwili miguuni, matope mpaka magotini. Sikumwambia avue.

Hakupiga kelele. Ningependa apige.

Anasema huu ndio msimu pekee wa vyura kutaga. Vyura wakubwa tayari walikuwa wamepungua kwa kuvu. Tegemeo lilikuwa watoto. Makao makuu ya kituo wamemwita akajieleze, na mpaka wakate shauri, hana kazi. Nikasema nitawaandikia: neno lile lilikuwa langu, yeye alilikataa, nami nikamlazimisha.

"Usiandike chochote, mama. Sahihi ni yangu."

Sahihi. Miaka yote nimefundisha kwamba neno hilo lina maana mbili.

Jumatatu, 24 Machi

Imejulikana alikotoka salamanda. Muuza samaki wa mapambo, yule wa karibu na kituo cha mafuta, alifunga duka mwaka juzi. Samaki wakanunuliwa, salamanda wakakosa mnunuzi. Akawamwaga bwawani. Mwenyekiti amemfuata kumuuliza, naye akajibu kwamba alishindwa kuwaua. Aliwaonea huruma.

Makao makuu wameamua: bwawa litakaushwa, kisha litamwagiwa chokaa, kuanzia kidimbwi cha juu hadi mwisho wa kijito. Vyura waliobaki ni wachache na wagonjwa, hakuna cha kuokoa. Afadhali salamanda asifike mtoni.

Mchana fundi bomba amebisha. Amesimama kama mwanafunzi aliyevunja dirisha.

"Mwalimu, usinigombeze."

Ana ndoo ileile. Ina maji! Tangu siku ile amewaficha nyuma ya choo chake, viluwiluwi hai, na hakuthubutu kusema kwa sababu tangazo lilisema kavu. Mkewe amewagundua leo, amesema achague: wao au yeye. "Nikafikiri, nikaona kwa Bibi Nukta hakuna mwenzi wa kufukuzwa."

Nimemgombeza kwa huo utani, kisha nikaenda kuosha beseni kubwa la kufulia.

Aliwachota wapi? Kidimbwi cha juu. Wote. Mwamba pale umesimama wima, salamanda hajafaulu kuupanda. Nimemuuliza mara tatu. Juu, Mwalimu. Juu, juu.

Jumatano, 2 Aprili

Binti yangu alipita mara moja kati ya vikao. Nilimpeleka uani. Alipoona beseni alipiga magoti kwenye sabuni na maji machafu, akaweka uso karibu na maji kiasi kwamba pua ililowa. Nikasikia sauti. Sikujua kama analia au anacheka. Zilikuwa zote mbili.

Alichukua sampuli kwa vijiti vya pamba, midomoni mwao, kwa kuwa kuvu huanzia hapo. Alikagua mmoja mmoja. Wote ni wetu. Hakuna mgeni.

Kisha akaniambia kanuni ya kituo. Naijua. Niliisahihisha mwenyewe mwezi uliopita, ilikuja pamoja na tangazo: Kiumbe chochote kilichokaa katika maji mamoja na salamanda kitahesabiwa kuwa ni kigonjwa, nacho kitaangamizwa. Hapo ndipo penye "maji mamoja" yangu.

"Hawa hawajakaa. Mama, unaelewa? Inawezekana ndio pekee duniani wasiogusana naye."

Wakithibitika safi, kituo kitawalea. Mwakani, bwawa likishasafishwa, watarudishwa. Na kikao chake nacho kitageuka. Hakuna atakayemfukuza mtu aliyeleta chura aliyedhaniwa amekwisha. Hilo la pili hakulisema yeye. Nimelisema mimi, hapa.

Maagizo yake: maji ya mvua pekee, mchicha uliochemshwa kidogo, beseni lisisogezwe. Nimekariri.

Ijumaa, 11 Aprili

Joto kali. Beseni liko juani tangu asubuhi na haliruhusiwi kusogezwa. Wanapanda juu kuvuta hewa. Wawili wamekufa. Nilisimamisha mwavuli, upepo ukauchukua hadi kwa jirani.

Fundi bomba akarudi nao, umevunjika mbavu, akatazama maji. Akasema wanataka kivuli, kule kwao kuna majani. Akatoka. Amerudi na fungu la majani ya majini, mabichi, mazuri, akayatandaza. Kidimbwini ni mawe matupu, kwa hiyo aliyatoa bwawani, ukingoni, kabla hawajaanza kulikausha. "Sasa wana na pazia," akasema.

Nilisita. Maagizo hayakutaja majani. Lakini hayakukataza kivuli. Na viluwiluwi waliingia chini yake mara moja, wakatulia. Baadhi ya majani yamekunjamana. Nilimwambia angechagua yaliyonyooka.

Jumapili, 20 Aprili

Safi! Wote safi! Amepiga simu kutoka maabara, sauti inaruka. Nikamwambia arudie polepole, akarudia, nikamwambia arudie tena ingawa nilisikia.

Wamekubali kuja kuwachukua, mapema mwezi ujao, miguu ikishaota. Mkuu wake atakuja mwenyewe kuona. Amemwambia binti yangu arudi kazini kwa majaribio.

Nimekula vizuri leo.

Jumanne, 29 Aprili

Wamemwaga chokaa.

Lori zilipita tangu alfajiri. Maji yalikwisha vutwa. Lililobaki ni tope, na wakalifunika likawa jeupe. Sikwenda. Mwenyekiti amekuja kunieleza, nadhani ili asikae nayo peke yake. Anasema salamanda walitoka kwenye nyufa za mawe, wengi kuliko alivyowahi kufikiri, wakatembea juu ya chokaa. Na chini ya kopo moja la rangi alikuta chura. Mmoja. Mdogo kama ncha ya kidole gumba. Walinzi wakamwambia amwache hapo hapo. Akamwacha.

"Ningemweka mfukoni tu, Mwalimu. Nani angejua?"

Nikamwambia alifanya sahihi.

Magharibi nilikaa dirishani. Kunguru. Redio ya mtu. Mlango wa duka ukishushwa. Hakuna kijiko, hakuna glasi.

Jumatatu, 5 Mei

Miguu! Ya nyuma, miembamba kama uzi, kwa wanne, labda watano. Nimempigia binti yangu. Akasema vema, hivyo ndivyo inavyotakiwa: chura huanza na ya nyuma. Salamanda huanza na ya mbele. Akasema hilo kama mtu anayepitisha muda, akasogea kwenye habari ya gari na masanduku. Wanakuja Ijumaa.

Akataka picha. Simu yangu haina kamera. Fundi bomba alipiga kwa yake, akatuma. Binti yangu alijibu kwamba ameona vizuri kidole gumba cha fundi, na anamshukuru.

Kuna pia vitu vidogo sana chini ya majani, vyembamba, kama vipande vya uzi vilivyoachwa majini. Labda ni wadudu. Jicho langu haliwezi. Nitavitazama jua likiwa kali.

Ijumaa, 9 Mei

Jua ni kali. Nimevaa miwani ya kusomea na kushika kioo cha kukuzia herufi, kile nilichotumia kusomea prufu za vitabu kabla ya kuchapwa.

Ana miguu miwili. Ya mbele.

Ana matawi shingoni, kama manyoya, matatu kila upande, yanapepea. Mwili mwembamba. Kichwa si cha mviringo. Sihitaji kumpigia mtu.

Nimeinua majani. Nimeyaangalia moja moja kama nilivyopaswa kuyaangalia siku ile. Yamekunjwa. Hayakukunjamana – yamekunjwa! Nilitumia neno lisilo lake, nami nilikuwa nimeambiwa mezani kwangu, kikombe mkononi, nikasifu mkono uliofunga bahasha hizo. Sasa zimefunguka. Ndani hamna kitu.

Nimeleta chujio la chai. Nimemtoa. Yumo kwenye kikombe, juu ya karo la kufulia, anageuka geuka. Nimechuja tena, pembe zote. Sijapata mwingine. Bahasha zilizo wazi ni zaidi ya moja.

Vyura wangu wako pale pale, wanakula mchicha. Mmoja ameanza kutoa kiwiko. Hawana dalili yoyote ya ugonjwa. Sampuli zilichukuliwa kabla ya majani. Maabara haitazirudia, makaratasi yamekwisha pigwa mhuri, safi.

Nikisema, ni dawa ya kuua vijidudu ndani ya beseni, hapa uani kwangu, na binti yangu ndiye atakayeimimina, mkuu wake akitazama. Hakuna chura mwingine kama hawa popote. Na majaribio yake kazini yamekwisha hapo hapo.

Nisiposema, wanaingia kituoni. Yawezekana ni wazima. Yai halikuwa na ngozi ya kubeba kitu. Au jani lilikuwa na kuvu, au maji ya jani. Sijui. Mimi si mtaalamu wa haya. Mimi najua upatanisho wa sarufi. Maji mamoja. Niliiandika hiyo "ma" kwa wino mwekundu, na yeye akaniuliza: kuna tofauti gani, mama, si wataelewa tu?

Fundi bomba amechungulia juu ya ukuta, amenyoa, amevaa shati jipya kwa ajili ya wageni. "Watoto wamelala salama, Bibi Nukta?" Sikuweza kumtazama usoni. Nikamwambia kola yake imekaa upande. Alifikiri ni mzaha wetu wa kila siku. Akacheka, akainyoosha.

Kikombe nimekiweka dirishani, nyuma ya chungu cha maua. Nikakiondoa. Sasa kiko mezani, kando ya karatasi hii, na pamedondoka maji kwenye mstari wa juu.

Gari limesimama. Milango miwili, sauti ya mwanamume nisiyemjua, kisha yake. Anamwambia mkuu wake, "Tuvue viatu, mama yangu ni mkali." Anacheka! Sijamsikia akicheka hivyo tangu Februari.

"Hodi, mama!"

Jibu ni neno moja. Kila mtu analijua.

"Hodi! Mama, upo?"

Chujio linadondosha. Mle kikombeni amepanda ukingo, anateleza, anapanda tena.

Hodi ya tatu.